Anayetangulia Kuitika

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Februari 2001

Kwa mwanangu Elieshi,

Mimi mama yako nipo, sijafa, na ukiona barua imefika ujue hivyo. Wewe huko Kasulu u mzima? Unakula? Usinijibu kwamba unakula ugali halafu ukanyamaza. Nitajie na mboga.

Huku tupo. Mdogo wako Tarsis amenunua simu ya mkononi, anaipigia kelele katikati ya Mtaa wa Kongo mpaka wapita njia wanadhani anagombana na shetani. Bado anauza viatu vya mtumba chini, na askari wa jiji bado wanamkimbiza. Meza yangu ya ndizi ipo palepale sokoni, karibu na ngazi za kuteremkia soko la chini, Shimoni. Lori la Moshi linafika Jumanne na Ijumaa. Ndizi mshare za mwaka huu ndogo, nadhani migomba imechoka kama mimi.

Mzee Tulsidas wa duka la vitambaa, aliyekuwa ananiandikia barua miaka yote, macho yamemharibikia. Siku hizi anajua khanga kwa kuipapasa. Kwa hiyo nimepata mwandishi mwingine. Anaandika vizuri, au siyo? Mimi naona mistari imenyooka tu, zaidi ya hapo kwangu ni msafara wa sisimizi.

Sasa kilichonifanya niandike. Hapa sokoni kuna mtoto wa kike, anawamenyea wenzangu vitunguu saumu tangu mama yake alipofariki. Baba wa kumtaja hana. Mwaka juzi nilimshika mkono nikampeleka shule. Mwalimu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Akashika sikio, kiganja kikapita mpaka shavuni. Mwalimu akasema, "Huyu amepita. Darasa la kwanza ni la mtoto ambaye vidole ndiyo kwanza vinagusa." Nikamwambia, "Mwalimu, mwaka aliokuwa na mkono mfupi hakuwa na mtu wa kumleta." Akasema tena hana cheti cha kuzaliwa, hana sare, hana mchango wa dawati. Nikarudi naye kwenye vitunguu.

Wewe ni mwalimu. Huko kwenu wenye mikono mirefu mnawafanya nini? Nijibu hilo.

Ni mimi mama yako, wa ndizi.


Kasulu,
30 Machi 2001

Mama, shikamoo.

Barua yako imetumia wiki tano na imelowa pembe moja, lakini imefika. Mimi ni mzima. Nakula, na mboga ni dagaa na maharage, usihangaike. Mpe pole Mzee Tulsidas. Tarsis mwambie shetani wake namsalimia.

Darasani kwangu wapo tisini na sita na madawati kumi na moja. Wengine wanaandika wamepiga magoti, daftari likiwa sakafuni. Umeniuliza wenye mikono mirefu. Tunawarudisha nyumbani, mama. Ndivyo tulivyoagizwa. Lakini hawaendi. Wanasimama nje ya dirisha wakati wa hesabu, na mimi najifanya siwaoni.

Hilo ni jibu lako. Sasa na mimi nina swali. Mama, nani amekuandikia barua hii?

Niliikuta ofisini juu ya meza na sikuigusa mpaka kengele ya kutoka. Anwani juu ya bahasha ndiyo iliyonizuia. Kila K inatupa mguu wake chini ya mstari kisha inaurudisha kushoto. Katika maisha yangu nimemkanya mtoto mmoja tu kwa K ya namna hiyo, na unamjua. Maneno yote yamelala kama yanavyolala ya mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto.

Niambie jina la mwandishi wako. Nalisubiri kuliko mshahara.

Mwanao,
Elieshi


Kariakoo,
9 Mei 2001

Mwanangu,

Barua yako imesomwa kwa sauti hapa mezani, na mimi nimefurahi kusikia habari za dagaa. Hao wa dirishani wamenikaa moyoni. Mbona umeandika kifupi hivyo? Umejibu nilichouliza ukafunga bahasha. Sawa, mwalimu ana kazi nyingi.

Huku ni mvua. Wanasema Jangwani kumejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa mpaka kwenye vizingiti. Mimi upande ule siutazami. Hapo tuache.

Yule mtoto amepata shule. Darasa la nne, hapahapa Kariakoo. Amepataje, usiulize, amepata. Asubuhi anavaa sketi ya bluu, mimi namsuka nywele kwa nguvu mpaka macho yanamvutika. Wauza nyanya wananicheka: "Bibi Ndizi, umezaa uzeeni?" Nawajibu, "Nyie mlizaa ujanani, wako wapi? Wanazurura."

Lakini kuna jambo. Niliona harudi na furaha. Nikamwuliza, wanakupiga? Hapana. Wanakucheka ukubwa? Hapana, bibi. Basi nini, sema, mimi si polisi. Akasema, "Mwalimu akiita jina langu, kuna mtu anatangulia kuitika."

Nikasema watoto wanakutania. Akasema na yeye alidhani hivyo, akahamia nyuma kabisa ili awaone wote midomo. Hakuna mdomo unaofunguka. Sauti inatokea mbele, pembeni ya dirisha, mahali ambapo hapana dawati, pana ukuta tu. Inasema, "Nipo, mwalimu." Ndipo anaitika yeye. Nikamwuliza, huyo mwalimu wenu Mwinyimvua hasikii? Akasema, "Anautazama kwanza ukuta, halafu ndiyo ananitazama mimi. Anatia alama moja."

Unanijua, siamini kitu mpaka nikiguse. Jumatatu niliacha meza, nikaenda kusimama nje ya darasa lao na kikapu changu, saa mbili asubuhi, jua linawaka. Majina yakaitwa. Lilipofika lake nilisikia "Nipo" mbili. Ya pili ni ya huyu mtoto. Ya kwanza naijua. Sitasema naijua wapi.

Wewe unaita majina kila siku ya Mungu. Limewahi kukutokea? Usinifiche kwa sababu ya uzee wangu.

Mama yako.


Kasulu,
21 Juni 2001

Mama, shikamoo.

Ni mzima. Huku kiangazi kimeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chaki. Mwalimu mwenzangu mmoja ameacha kazi akafungue duka la vipuri Kigoma, kwa hiyo watoto wake nao wameletwa kwangu.

Nilikuuliza swali, ukaniambia nimeandika kifupi. Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaelewa: anayekuandikia ndiye anayekusomea, na akiruka mistari wewe huwezi kujua.

Kwa hiyo mistari inayofuata si yako, mama. Wewe unayesoma, acha kusoma kwa sauti. Soma kimoyomoyo. Jina lako nani? Shuleni wanakuitaje? K hiyo nani amekufundisha? Sitakupiga na siwezi kukupiga, niko mbali na wewe siku tatu za garimoshi. Nijibu mwenyewe, kwa karatasi yako.

Ukimaliza, msomee bibi kwamba nampenda, na kwamba alichoniuliza kuhusu majina nitamjibu siku nyingine.

Elieshi


Kariakoo,
29 Julai 2001

Shikamoo mama mwalimu,

Bibi hajui kama nimeandika. Yuko pale anakata mikungu.

Nyumbani naitwa Severa. Shuleni naitwa Candida Heriel. Bibi alitoa karatasi kwenye kopo la biskuti akampa mwalimu mkuu, akasema mjukuu wangu alihamishwa, akaumwa sana, sasa amepona. Akaniambia nikiitwa hilo jina nisigeuke kumtafuta mwingine.

K nilijifunza kwenye madaftari ya Candida. Yapo saba, bibi ameyaweka chini ya godoro. Nilifuatisha kwa kidole miaka miwili mpaka wino ukafifia. Lakini daftari halionyeshi mtu aliandika kwa mkono gani. Mimi namenya vitunguu kwa kulia, nakula kwa kulia. Nikishika kalamu inahamia kushoto yenyewe. Hakuna aliyenifundisha.

Swali lako sikumsomea bibi kwa sababu niliogopa. Naomba usinitoe shule. Nikitolewa nitarudi Shimoni kumenya, kule chini taa inawaka mchana na hujui ni saa ngapi.

Sidhani kama huyo anayetangulia kuitika ana hasira na mimi. Haitiki kwa hasira. Anaitika kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitwa muda mrefu.

Mimi Severa


Kariakoo,
2 Oktoba 2001

Elieshi mwanangu,

Mwandiko wa leo ni wa Megha, mkwe wa Mzee Tulsidas. Amefunga duka kwa ajili yangu na amekaa juu ya robota la khanga. Salamu nyingi tutaziweka siku nyingine. Tarsis mzima, mimi mzima, miguu inauma.

Miezi inapita hujaandika. Wiki iliyopita yule mtoto alishindwa kula, nikambana, akaniambia yote: uliyouliza, aliyoyaruka, na aliyokuandikia kwa siri. Sikumpiga. Nilikaa chini.

Basi nasema mwenyewe. Ni kweli. Nilichukua karatasi ya uhamisho ya mwanao marehemu nikamwingizia shule mtoto wa watu. Megha ananikodolea macho. Andika, mama, andika hivyohivyo! Ile karatasi ilikuwa na mhuri, ilikuwa na jina, ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto. Na huyu alikuwa na kila kitu isipokuwa karatasi. Nilifanya kama ninavyofanya mezani: mkungu huu umepungua chane, nikachukua chane ya mkungu mwingine. Sikufikiri kwamba jina lina mwenyewe hata kama mwenyewe amekufa.

Redio imesema ada ya shule ya msingi imefutwa, na Januari wataandikisha watoto wote. Soko zima limeshangilia. Lakini redio haikusema lolote kuhusu mtoto anayesoma kwa jina la marehemu. Wewe ni mama wa jina hilo, tena ni mwalimu. Ukimwandikia mwalimu mkuu mstari mmoja, Severa yupo barabarani, na mimi nipo kituoni. Kituoni siogopi, nitawauzia ndizi. Namwogopea yeye.

Kuhusu siku ile ya mvua, mimi ndiye... Hapana. Megha, hapo acha. Funga.

Mama yako.


Kasulu,
18 Novemba 2001

Mama,

Shikamoo. Ni mzima. Leo sina salamu zaidi ya hizo.

Nilikasirika nikaenda mpaka posta na barua ya kumpelekea huyo mwalimu mkuu. Nilikuwa nimeshabandika stempu. Pale kaunta nikapewa barua yako. Nikaifungua nimesimama, likaanguka jani la isale, limekauka, limefungwa fundo. Mtu wa nyuma yangu aliliokota akaniambia, "Dada, umedondosha majani." Hakujua ameokota nini. Wewe unajua. Kwetu anayetumiwa isale hawezi kukataa kusamehe, awe ameuliwa ndugu, awe ameibiwa ng'ombe. Umenifunga mikono, mama. Ile ya kwangu niliichana palepale.

Lakini isale hutumwa na aliyelitaja kosa lake. Wewe umetaja la karatasi. La karatasi ndilo dogo. Lile lingine ulimkataza Megha. Nitasamehe vipi kitu ambacho hujakisema? Na fundo hili nani amelifunga? Limerudishwa nyuma, kushoto.

Sasa nami nitaje la kwangu, nikuonyeshe namna inavyofanywa. Nilipohamia huku mwanzoni mwa 1998 niliandika jina la Candida kwenye rejista yangu kabla hajafika. Nikamtengea dawati la mbele, pembeni ya dirisha. Kisha tukamzika. Nikarudi kazini, na jina sikulikata. Kila mwaka nalihamisha, la tatu, la nne, la tano. Kila asubuhi naliita. Watoto wamezoea, wananyamaza mpaka nihesabu moja hadi kumi, kisha naandika "Hayupo" na tunaendelea. Watoto sasa ni zaidi ya mia, mama, wengi wako sakafuni, na dawati zima limekaa tupu, hakuna anayethubutu hata kuwekea begi.

Uliniuliza kama limewahi kunitokea. Halijanitokea. Miaka mitatu na zaidi naita na hajawahi kuniitika. Sasa nimejua alikuwa anaitika wapi.

Elieshi


Kariakoo,
28 Desemba 2001

Mwanangu Elieshi,

Krismasi imepita, nimepika mtori, Tarsis amekula sahani tatu. Anayeandika leo ni Severa. Nimetaka iwe yeye, kwa sababu amevaa jina na hajui lilivuliwa vipi. Nimemwambia, ukilia lia, lakini usiruke neno.

Kwanza: jani sikutuma mimi. Megha aliifunga bahasha mbele ya macho yangu, akalamba gundi, akagandamiza kwa ngumi. Humo mlikuwa na karatasi moja. Majani ya isale huja sokoni na lori, wanayachomeka kwenye mikungu, hilo sikatai. Lakini Severa kwao si Uchaggani, nilipomwuliza isale ni nini alidhani ni mboga. Na fundo hilo unalolisema nimewahi kuliona. Nitakuambia wapi.

Pili, lile lingine.

Uliacha agizo. Ulisema, "Mama, mvua ikinyesha Candida asivuke bonde la Jangwani." Mvua ilikuwa siku ya tatu. Barua yake ya uhamisho ilikuwa tayari kule shuleni Magomeni, na kesho yake shule inafunga. Asubuhi akaniambia, "Bibi, mama amekataza." Mimi nikamjibu, "Mama yako yuko Kasulu, barua iko Magomeni. Mimi nilikosa shule kwa mvua, nikakosa kwa ng'ombe, nikakosa kwa sababu kaka zangu walikuwa na zamu yao. Wewe hutakosa kwa matope. Nenda." Nilimfunika kwa kipande cha nailoni, nikamsukuma mgongoni kwa mkono wangu huu. Alikwenda. Alifika, alipewa barua. Alikuwa anarudi, Elieshi.

Watu wa Jangwani walimpata kesho yake mchana. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, ameufunga kifuani chini ya sweta. Mfuko umefungwa fundo, limerudishwa nyuma, kushoto. Nilishindwa kulifungua kwa vidole, nikalikata kwa kisu cha ndizi. Ndani karatasi ilikuwa kavu. Mtoto mzima amelowa, karatasi kavu.

Na msibani uliponiuliza, mbele ya watu wote nilisema alitoroka. Nilisema mtundu, hakusikia. Nilimsingizia marehemu kwa sababu hawezi kujitetea. Wewe ulinitazama, ukajua. Ukapanda gari.

Nimetaja. Severa ameandika yote, nimemwona kalamu haikusimama. Sasa fanya unavyotaka na mimi. Huyu muache asome.

Mama yako.


Kasulu,
4 Februari 2002

Mama, shikamoo, na shikamoo tena.

Nimekusamehe. Sisemi kwa sababu ya jani, ingawa jani liko hapa kwenye Biblia yangu. Nasema kwa sababu umemrudishia mtoto wangu heshima yake. Miaka yote hii nilikuwa nasubiri mtu aseme kwamba Candida hakutoroka. Alitumwa, akaenda, akakamilisha alichotumwa. Ndivyo alivyokuwa.

Severa hatatolewa na mimi. Lakini mtoto aliye hai asimalize shule na cheti cha marehemu. Siku moja atataka kazi, atataka kuolewa, siku moja atazikwa. Kwa jina la nani? Na mwanangu naye hawezi kupumzika akiwa anaitwa kila asubuhi mahali pawili. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kumpa mwalimu mkuu. Nimeeleza yote, na nimesema kosa tuligawane, wewe na mimi. Inaweza kwenda vibaya. Najua. Mpeleke Severa hata hivyo, umemshika mkono.

Iwe Jumatatu, tarehe 18 Machi, barua itakuwa imeshafika. Asubuhi ileile, wakati wewe uko pale, nami nitaifungua rejista yangu na kufanya ninalotakiwa kufanya.

Severa, unaposoma hapa usiogope. Mimi naogopa kwa niaba yako.

Elieshi


Kariakoo,
18 Machi 2002

Mwanangu,

Naandikisha mara moja, kabla sijasahau hata nukta. Miguu inauma, mengine yote mazima.

Mwalimu mkuu ni mwanamke, anaitwa Mwalimu Blandina. Alisoma barua yako mara mbili. Severa alikuwa amenishika khanga. Mwalimu akavua miwani.

"Bibi, unajua hili ni kosa la kupelekwa mahakamani?"

"Najua. Na wewe unajua walimu mlimpima mkono mkamrudisha."

"Tulikuwa tunafuata waraka."

"Na mimi nilikuwa nafuata mtoto."

Ukutani kwake kuna karatasi mpya kwamba watoto wote waandikishwe, wakubwa kwa wadogo, foleni ya wazazi ilikuwa mpaka getini. Akamwita Mwalimu Mwinyimvua, akamwuliza huyu binti darasani yukoje. Mwinyimvua akasema, "Wa tatu kati ya mia moja na kumi na wawili." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anaungama, "Mwalimu mkuu, mimi jina hilo nimekuwa nikiliogopa."

Mwalimu Blandina akachukua rula. Akasema, "Aliyeandikwa amefariki. Aliye hai hajaandikwa. Sasa hapo nani nimfukuze?" Akachora mstari juu ya jina la Candida, pole pole, kama mtu anayefunika shuka. Akaandika chini, mstari wa mwisho: Severa. "Baba?" Hatuna. "Mlezi?" Nikasema andika Tarsis. Tarsis hajui bado. Ataambiwa Jumapili akishiba.

Nikaenda kusimama dirishani kama siku ile. Majina yakaitwa, yakaisha yote, ukafika mstari wa chini. "Severa Tarsis." Mwinyimvua akautazama ukuta kwanza, mazoea. Mimi nilishika nondo za dirisha. Kimya. Kimya kirefu, mpaka nikasikia mchuuzi wa maji akipita Mtaa wa Swahili. Ndipo mtoto akaitika, peke yake, sauti ikampasukia katikati.

Mchana amerudi, nikamwuliza imekuwaje. "Nimeitika peke yangu, bibi." Kisha akalia. Nikamwambia, si ndivyo ulivyotaka? Akasema, "Nilikuwa nimemzoea. Sasa amekwenda wapi?"

Nimempa ndizi. Anaandika haya kwa mkono wa kulia, herufi zimekuwa mbaya, utazisamehe.

Mama yako.


Kasulu,
18 Machi 2002

Mama, shikamoo.

Sijui kwako imekuwaje, barua zetu zitapishana njiani. Nakuandikia ya kwangu.

Leo nimeingia saa mbili. Nimeita majina. Nilipofika kwa Candida Heriel nilisimama, watoto nao wakanyamaza kama kawaida yao, nikaanza kuhesabu. Nilipofika saba, kutoka kwenye dawati la dirishani, nikasikia, "Nipo, mwalimu."

Watoto wote waligeuka. Hakuna aliyecheka.

Nikatia alama. Ni alama yake moja tu katika rejista yangu, lakini ipo, mkaguzi akija nitamwonyesha. Kisha nikachukua rula nikachora mstari, na pembeni nikaandika neno ambalo nilishindwa kuliandika miaka minne: Amefariki.

Nje ya dirisha alikuwepo msichana mmoja, mwenye mkono mrefu kuliko wote tuliowahi kuwarudisha. Tangu Januari hatupimi tena, lakini alikuwa bado anaogopa kuingia. Nikamwita ndani. Nikamwonyesha dawati. Alisitasita, akaliangalia, akakaa. Kisha akainua macho akaniambia, "Mwalimu, hapa pana joto, kama mtu ndiyo kwanza amenyanyuka."

Mwanao,
Elieshi